Sahani ya asili, ya mjini, ya Mediterania au isiyo na nyama: ipi inasaidia zaidi dhidi ya saratani ya matiti?

Swali la chakula na saratani ya matiti tumezoea kuliuliza kipande kipande. Stafeli inazuia? Sukari inailisha? Nyama nyekundu niache? Maziwa je? WhatsApp huleta jibu leo, kesho ikaleta jingine la kulipinga. Lakini hakuna anayeishi kwa stafeli. Mtu hula mlo mzima: ugali na mboga, mboga na mafuta yake, na kinywaji cha kushushia, leo hivyo na miaka ishirini ijayo hivyo hivyo. Ndiyo maana watafiti wengi siku hizi hupima mtindo mzima wa ulaji badala ya kufukuzana na tunda moja moja, na mitindo hiyo ndiyo ninayotaka kuilinganisha hapa.

Kabla ya yote, tuelewane juu ya ukubwa wa jambo lenyewe. Umri, jeni za kurithi, historia ya familia, umri wa kuvunja ungo na wa kukoma hedhi, idadi ya watoto na muda wa kunyonyesha, vyote hivyo vina mkono katika ugonjwa huu. Chakula husogeza hatari juu au chini kidogo, hakiifuti. Mwanamke aliyekula vizuri maisha yake yote kisha akaugua hakukosea jikoni, na asikubali mtu yeyote amwambie hivyo.

Tuanze Kilimanjaro

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro. Wanawake 115 wenye saratani ya matiti walilinganishwa na wanawake 230 wasio nayo, wa umri unaolingana na kutoka wilaya zile zile. Waliulizwa wanakula nini na mara ngapi, kisha majibu yakachambuliwa kuona vyakula vipi huenda pamoja.

Mitindo miwili ilihusishwa na hatari zaidi. Wa kwanza haukushangaza: maziwa, mafuta ya kupikia, siagi, mafuta ya wanyama na nyama nyekundu kwa wingi. Uwiano wake ulikuwa 1.42, yaani uwezekano wa kuugua ulikuwa juu kwa asilimia 42. Wa pili ndio unaowashtua watu: samaki, maembe, mapapai, parachichi na matunda yenye maji mengi. Huo ulikuwa 1.61.

Usikimbie kulitupa papai. Wagonjwa 115 ni wachache, na waliulizwa wakiwa tayari wanajua wanaumwa. Aliyekwisha kuambiwa na ndugu na majirani "kula matunda sana, mama" anaweza kuwa alishabadili sahani yake kabla ya mtafiti kubisha hodi. Tena anayemudu samaki na matunda kila siku hutofautiana na jirani yake kwa mengi mengine: kipato, umri wa kuzaa mtoto wa kwanza, idadi ya watoto. Hesabu za kitakwimu hupunguza tofauti hizo lakini hazizimalizi. Ninapoweka matokeo haya kando ya tafiti kubwa za kwingineko, matunda yanabaki upande salama.

Jambo la kushika katika utafiti ule ni jingine, na watafiti wenyewe ndilo walilosisitiza. Mitindo yote miwili ilifanana katika aina ya mafuta: yale laini yanayobaki majimaji yalikuwa machache yakilinganishwa na yale mazito yanayoganda. Uwiano huo ulionekana kuwa na maana kuliko jumla ya mafuta yote yaliyoliwa.

Hili unaweza kulitazama dukani kwa Mangi. Katika mafuta ya kawaida ya alizeti, sehemu inayoganda ni kama moja ya kumi. Katika mawese ni karibu nusu. Katika mafuta ya nazi inapita asilimia 80. Mafuta yanayopimwa kwa kibaba kutoka kwenye ndoo au pipa mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa, na asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba Moshi au Mbeya utayaona yakifanya ukungu mweupe chini ya chupa au yakishikana kabisa, wakati alizeti safi inamiminika. Hicho ni kidokezo tu, kwa kuwa mafuta huchanganywa. Ila kama unachagua kati ya chupa mbili zinazokaribiana bei, mimi ningechukua ya alizeti, na wala si kwa sababu ya matiti peke yake. Moyo nao una haki yake.

Ya asili na ya mjini

Sahani ya asili ninayoisema hapa ni ugali wa dona, ndizi, viazi au mhogo, maharage, kunde, choroko au mbaazi, mchicha, matembele, mnavu au kisamvu, dagaa au samaki, nyama mara moja moja, tunda la msimu, na maji. Ya mjini ni chipsi mayai, soseji, mishikaki, chapati na mkate mweupe, soda au juisi ya pakiti, na bia za mwisho wa wiki.

Ushahidi mmoja wa karibu nasi unatoka kwa wanawake weusi wa Marekani, katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1995. Wanawake 50,778 walifuatiliwa kwa miaka 12 na 1,094 wakaugua. Mtindo wa nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na samaki, ukichukuliwa kwa ujumla, haukuleta tofauti ya kuonekana wazi. Tofauti ilijitokeza kwa makundi: waliokuwa na uzito wa kawaida, waliokuwa hawajakoma hedhi, na juu ya yote katika aina ya saratani isiyo na vipokezi vya homoni ya estrojeni, yaani isiyokua kwa kusukumwa na homoni hiyo. Katika aina hiyo, waliofuata mtindo huu zaidi walikuwa na hatari ya karibu nusu ya waliofuata kidogo.

Hapa naomba tutue kidogo. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Kuna aina inayokua kwa kusukumwa na estrojeni, na hiyo ina dawa za kuzuia homoni kama tamoksifeni, vidonge vya kumeza kwa miaka. Aina isiyo na vipokezi haisikii dawa hizo, mara nyingi hukua haraka, na hupatikana kwa uwiano mkubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wa Ulaya. Mwaka huo huo wa 2013, tafiti 20 zilizounganishwa, zenye wanawake karibu milioni moja, zilionyesha mwelekeo ule ule: mboga kwa wingi hazikuhusiana na aina inayotegemea homoni, lakini waliokula mboga nyingi zaidi walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 18 katika ile isiyo na vipokezi. Kwa hiyo bakuli la mchicha linaonekana kusaidia zaidi palepale ambapo dawa zina uchaguzi mdogo. Katika yote niliyoyapitia, hili ndilo ninalotaka kila mama wa Afrika Mashariki alijue.

Soweto, Afrika Kusini, wagonjwa 396 walilinganishwa na wanawake 396 wasioumwa. Sahani ya asili ya kule nayo ilikuwa upande wa hatari ndogo. Ufaransa, mwaka 2018, watu karibu 105,000 walifuatiliwa kuangalia vyakula vilivyosindikwa sana viwandani: soda, soseji, biskuti, tambi za pakiti. Kila sehemu ya vyakula hivyo ilipoongezeka kwa asilimia kumi katika mlo, saratani ya matiti ilikuwa juu kwa asilimia 11. Utafiti wa kufuatilia hauwezi kuapa kwamba chakula hicho ndicho kilichosababisha, lakini unaelekea upande ule ule.

Mimi naipa ushindi sahani ya asili, kwa sharti moja: iwe kweli ya asili. Mlima wa sembe nyeupe na kijiko kimoja cha mboga kando si chakula cha bibi zetu. Mahindi yakikobolewa hupoteza pumba, na ndani ya pumba ndimo nyuzinyuzi zilimo. Mapitio ya tafiti 20 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi wana hatari pungufu kwa asilimia 8. Njia inayodhaniwa ni hii: estrojeni iliyokwisha kutumika mwilini hutupwa na ini hadi utumboni kupitia nyongo, na nyuzinyuzi huibeba itoke na choo badala ya kufyonzwa tena. Dona na maharage vinafanya kazi hiyo bila gharama ya ziada. Mboga pia isichemshwe saa nzima na kumwagwa maji yake.

Ya Mediterania

Huu ndio mtindo uliosifiwa kuliko yote: mafuta ya zeituni, mboga, dengu na maharage, samaki, karanga na jamii zake, nyama kidogo. Nchini Hispania ulijaribiwa kwa kuwagawa watu kwa bahati nasibu, jambo ambalo ni adimu katika lishe. Kulikuwa na wanawake 4,282 wa miaka 60 hadi 80. Kundi moja lilipewa mafuta bora ya zeituni, lita moja kwa wiki kwa kila kaya. Jingine likapewa lozi na jamii zake, gramu 30 kwa siku. La tatu likashauriwa kupunguza mafuta. Baada ya miaka karibu mitano, kundi la zeituni lilikuwa na saratani ya matiti pungufu kwa karibu theluthi mbili.

Asilimia hiyo inapendeza mpaka uulize ni wagonjwa wangapi. Walikuwa 35 tu katika makundi yote matatu, na jaribio lenyewe lilipangwa kuchunguza magonjwa ya moyo. Wakati huo huo, utafiti wa nchi kumi za Ulaya wenye wanawake zaidi ya 335,000 ulipata punguzo la asilimia 6 kwa walioufuata mtindo huu zaidi, na asilimia 20 katika aina zisizo na vipokezi vya homoni. Ukweli, nadhani, uko karibu zaidi na namba hii ya pili. Uholanzi nako tofauti kubwa ilionekana katika aina hiyo hiyo isiyo na vipokezi, punguzo la asilimia 40.

Kumbuka kwamba katika tafiti hizo mbili za Ulaya na Uholanzi, divai iliondolewa kwenye hesabu ya mtindo huo. Anayekuambia glasi ya divai nyekundu ni sehemu ya kinga, kwa upande wa matiti anakupotosha.

Je, inafaa kwetu? Mafuta ya zeituni kwa bei ya Dar es Salaam au Nairobi ni anasa, na sioni sababu ya familia kujibana kwa ajili yake. Kiini cha sahani ile tunacho: mbaazi na kunde, samaki, karanga na korosho, mboga za majani, mafuta laini. Mwanamke wa Lindi anayekula samaki, kunde na kisamvu cha karanga hayuko mbali na yule wa Hispania. Tui zito la nazi kila siku ndilo linalowatofautisha, na ningelipunguza bila kuliacha.

Ya mafuta kidogo

Marekani iliweka fedha nyingi kwenye wazo hili. Wanawake 48,835 waliokoma hedhi waligawanywa kwa bahati nasibu. Sehemu yao wakafundishwa kushusha mafuta mpaka asilimia 20 ya nishati ya chakula, na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Matokeo yalitolewa mwaka 2006, baada ya wastani wa miaka minane: kwa mwaka waliugua wanawake 42 katika kila 10,000 wa kundi la mlo, na 45 katika kundi la kawaida. Tofauti ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati.

Wengi walilifunga faili hapo. Lakini wanawake wale waliendelea kufuatiliwa, na baada ya karibu miaka 20 vifo vitokanavyo na saratani ya matiti vilikuwa pungufu kwa asilimia 21 katika kundi la mlo. Hilo ni zito kwangu, maana linatoka kwenye mgawanyo wa bahati nasibu na linahusu uhai. Ila wanawake wale hawakupunguza mafuta tu. Waliongeza mboga na matunda, na wakapungua uzito kidogo. Kipi kati ya hivyo kiliokoa maisha, jaribio haliwezi kutenganisha.

Isiyo na nyama

Wasabato wa Amerika Kaskazini, ambao wengi wao hawali nyama, wamechunguzwa kwa miaka mingi. Matokeo ya mwaka 2016 yenye wanawake 50,404 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya wasiokula nyama na wanaokula. Wasiogusa hata maziwa na mayai walielekea chini, ila si kwa uhakika wa kitakwimu. Uingereza, mwaka 2022, wanawake waliokoma hedhi wasiokula nyama walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 18, na uzito wao mdogo ulielezea sehemu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo ukiacha nyama lakini ukaishi kwa maandazi, chipsi na soda, usitegemee faida. Anayekula nyama Jumapili na siku nyingine maharage na mboga sioni anachokosa.

Na soya? Wanawake wengi wanaiogopa, hata katika uji wa lishe, kwa sababu ina viini vinavyofanana na estrojeni. Shanghai, wanawake 5,042 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha waliokula soya nyingi zaidi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 29. Ni chakula cha kawaida, hakitishi.

Mambo mawili yanayokata sahani zote

Pombe ni moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi, pamoja na tumbaku. Kila gramu 10 za kilevi kwa siku huongeza hatari kwa asilimia 5 kabla ya kukoma hedhi na asilimia 9 baadaye. Sasa fanya hesabu kwenye chupa iliyo mezani: bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Chupa moja kila jioni, kwa mama wa miaka 55, ni ongezeko la kama asilimia 18. Mbege, komoni na gongo havina msamaha; mwili haujui kama kilevi kimetoka kiwandani au kwa shangazi. Hakuna mtindo wa ulaji niliouorodhesha wenye uhakika wa kurudisha kiasi hicho.

Pili ni uzito baada ya kukoma hedhi. Ovari zikistaafu, mafuta ya mwili ndiyo yanayochukua kazi ya kutengeneza estrojeni, na kadiri yanavyokuwa mengi ndivyo inavyotengenezwa zaidi. Kipimo cha uzito kwa urefu kikipanda pointi tano, hatari hupanda kwa asilimia 12. Kwetu unene wa utu uzima bado unasifiwa kama dalili ya kutunzwa, na mama anayejaribu kupungua huulizwa kama anaumwa. Tumwache apungue. Sahani itakayomsaidia asiongezeke kilo baada ya miaka 45 ndiyo nzuri kwake, iwe na jina lolote.

Ningechagua hivi

Msichana au mama kijana: sahani ya asili, mboga za majani mara mbili kwa siku, dona badala ya sembe, bila pombe. Akijifungua na akiweza, anyonyeshe muda mrefu. Kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, juu ya ile asilimia 7 inayotokana na uzazi wenyewe, kwa mujibu wa tafiti 47 zilizounganishwa mwaka 2002.

Aliyekoma hedhi na uzito ukapanda: sahani ile ile, lakini robo tu iwe ugali au wali, nusu mboga, na mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye chupa. Kwake uzito na bia vije kwanza. Suala la zeituni au alizeti ni la baadaye.

Anayekula kwa mama lishe kila mchana hana haja ya kubadili duka. Aombe maharage na mboga mbili, ugali upungue, mchuzi wenye mafuta yanayoelea usimwagiwe juu, na soda ibaki kwenye friji.

Na yule ambaye mama yake au dada yake aliugua akiwa bado kijana, hakuna sahani kati ya hizi inayomtosha. Ale vizuri, lakini aende kliniki sasa akiwa mzima, aeleze historia ya familia yake, na apangiwe na daktari ratiba ya kuchunguzwa matiti.